Kipengele cha 11: nani kala mshahara wa jirani yangu? (Uzi mrefu kutoka Kigoma)

BintiUjiji

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Na wale wa "weka picha", picha hakuna.

Nimefanya kazi miezi kumi na minne kwenye chumba kimoja ghorofani pale Mwanga, Kigoma mjini. Kazi yenyewe ukimweleza mama anakuuliza mara tatu na bado haelewi. Unakaa mbele ya kompyuta, zinakuja sentensi za Kiswahili moja moja, unasoma, unabonyeza alama. Tusi. Si tusi. Chuki. Utani. Tangazo. Halafu inayofuata. Kila sentensi tuliiita taski, na taski moja shilingi 35. Ukikazana, ukaacha kwenda chooni, unafikisha mia nne kwa siku.

Alama zetu ndizo zinazofundisha mashine. Ukiandika kitu mtandaoni kikafutwa sekunde hiyohiyo, ujue kuna mtu sehemu fulani alishabonyeza mamia ya sentensi za namna hiyo, feni inazunguka juu ya kichwa chake haitoi upepo.

Mwenye kazi yuko ng'ambo, hatukuwahi kumjua hata jina. Katikati kulikuwa na kampuni moja, na chini yake dalali wa hapahapa mkoani, huyo tulimwita Bosi.

Wiki ya kwanza nikaletewa sentensi hii: "Shoga yangu umeamkaje, dagaa wa leo hawashikiki." Mwongozo wetu ulikuwa na orodha ya maneno mabaya, na neno shoga liko mstari wa pili. Ukiliona, bonyeza Chuki, basi. Nikacheka peke yangu. Mimi Ujiji nimezaliwa. Bibi yangu ana mashoga wanne aliokua nao, waliobaki hai wawili, na kila asubuhi wanaitana hivyo juu ya ukuta wa michongoma. Sasa nibonyeze Chuki?

Kijana niliyekaa naye benchi moja akachungulia skrini yangu akasema, "Bonyeza tu, bibi yako afutiwe akaunti." Huyo nitamwita Jirani. Jina lake halitatajwa humu, na mkijidai kulijua mtanikosa.

Jirani ndiye aliyeandika barua kwenda juu, kurasa mbili. Akaeleza kwamba neno hilo lina midomo mitatu. Kuna la mwanamke kumwita rafikiye. Kuna la mtu kumtukana mwanamume. Na kuna la mtu anayejisema mwenyewe, hana ugomvi na yeyote. Kwa kila mdomo akatoa mifano ishirini. Hilo la tatu sikumwuliza amelijuaje. Baada ya wiki tatu mwongozo ukabadilika, na mfano wake mmoja ukaingia kama ulivyo: "Shoga yangu, leo mgebuka umepanda bei." Malipo ya zile kurasa mbili? Tuliambiwa ahsante.

Tulikuwa watu 26 mle ndani. Yeye ndiye aliyekuwa anajua kazi kuliko wote, na nasema hivi mimi ambaye sipendi kushindwa.

Mwezi wa tisa mtu alichukua simu ya Jirani ikiwa kwenye chaji. Akasoma ujumbe, akapiga picha, akampelekea Bosi. Jirani akaitwa. Nilikuwa mlangoni na chupa ya chai, haya sikuhadithiwa. Bosi akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye kipengele cha 11: mtoa huduma atakayekwenda kinyume na maadili ya jamii ataondolewa bila taarifa, na malipo yoyote anayodai yatafutwa. Jirani alikuwa anadai miezi miwili. Bosi akasema, "Kama unaona umeonewa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi. Ila ukifika ueleze vizuri kwa nini umefukuzwa."

Akatoka. Hata kikombe chake hakuchukua.

Ngoja nilete uji wa mtoto, narudi.

Kinara_wa_Gungu

Siti ya mbele, kahawa na kashata mkononi. Endelea dada.

Mlokole_Halisi

Mleta mada unazunguka mbuyu. Mtu kafanya jambo ambalo Kanuni ya Adhabu ya nchi hii inalipeleka hadi kifungo cha maisha, na vitabu vyote viwili vinalikataa. Kafukuzwa. Kosa la Bosi liko wapi? Mambo ya Wazungu mnatuletea kwa mlango wa nyuma, sasa mmeyapaka rangi ya mishahara.

FundiBanda

Mimi nina banda la gemu, PS mbili na kochi bovu, dakika kumi shilingi mia tano. Nasubiri kujua haya yananihusu nini.

BintiUjiji

Nimerudi.

Mlokole, sijaja humu kukubadilisha imani. Swali langu liko kwenye kichwa cha uzi, lisome tena. Jirani alifanya kazi siku hamsini na ushee. Sentensi alizobonyeza zimetumika, ng'ambo wamelipa, hela imefika Kigoma. Imekaa mfuko wa nani? Kanuni ya Adhabu haisemi popote kwamba dalali achukue mshahara wa mtu.

Hebu msikie kilichofuata. Wiki mbili baadaye dada mmoja pale kazini akaonekana ana mimba, hajaolewa. Kipengele cha 11. Alikuwa anadai mwezi na nusu. Wiki iliyofuata kijana mwingine akadaiwa kuonekana baa saa za kazi. Kipengele cha 11. Yeye alikuwa anadai miezi mitatu, ndiye aliyekuwa anadai kuliko wote mle ndani. Hapo nikachukua daftari nikaanza kuhesabu. Watatu walioondolewa kwa maadili ndio waliokuwa wanadai hela nyingi zaidi. Wapo wawili ninaowajua mambo yao, nao walikuwa hawadai kitu, hawakuguswa.

Bosi hakuwa na uchungu wowote wa dini, wakuu. Bosi alikuwa na madeni.

Kilichoniuma zaidi kwa Jirani ni kingine. Ile kazi yenyewe. Katika sentensi mia nne za siku, nyingi mno zilikuwa zinatukana watu kama yeye: wachomwe, wakatwe, wazamishwe ziwani. Anasoma mpaka mwisho, maana ukibonyeza haraka mashine inakukata pointi. Anabonyeza Chuki, inakuja nyingine. Kwa shilingi 35. Miezi yote hiyo nilidhani ni mtu mkimya tu.

Mkataa_Posho

Niko Kasulu, mtangazaji wa redio, mwaka wa saba bila mkataba wa maana. Dada, hicho kipengele nimekiona na huku, kimeandikwa kwa maneno mengine: "kulinda heshima ya kituo". Mwenzetu alidai posho za miezi minne, ghafla heshima ya kituo ikaharibika. Hakuwa huyo mnayemsema. Alikuwa na watoto watano na mke mmoja.

ReliYaKati

Tabora hapa. Umenikumbusha babu, alikuwa fundi karakana ya reli. Watu wa reli mgomo wanaujua. Mwaka 1947 makuli wa bandari Dar walipogoma, mgomo ulipanda na reli hadi huku bara. Halafu ukaja ule mkubwa wa reli wa 1960, chama chao kikiongozwa na Kasanga Tumbo. Babu alikuwa anasimulia walivyokuwa wanagawana unga wakati wa mgomo. Kulikuwa na mpishi mmoja wa behewa la chakula ambaye mambo yake kila mtu aliyajua. Kuna mtu akasema huyu atolewe kwenye mgao. Mzee wa kamati akauliza, "Kagoma hajagoma?" Wakasema kagoma. Akapimiwa kibaba chake kama wengine.

Baadaye mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vikavunjwa, kikabaki kimoja tu, NUTA, hiyo hadithi ya siku nyingine.

BintiUjiji

ReliYaKati, babu yako ningempa ukatibu.

Sasa niwaeleze nilivyopata akili ya kufanya kitu, maana mwanzoni niliogopa kama wengine. Nilianza kusoma usiku, bando la usiku si mnajua. Nikagundua sisi si wa kwanza.

Wa karibu kabisa wako Nairobi. Mwaka 2019 kijana wa Afrika Kusini, Daniel Motaung, alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya Sama, kuchuja machapisho ya Facebook. Video za watu kuchinjwa, watoto kuumizwa, hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kazi. Akaanza kuwakusanya wenzake wadai maslahi, akafukuzwa. Mei 2022 akafungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, wenye Facebook. Mwanzoni mwa 2023 Sama ikaachana na kazi hiyo, watu kama 260 wakaambiwa basi, na zaidi ya 180 kati yao wakaenda mahakamani. Tarehe 1 Mei 2023, sikukuu ya wafanyakazi, zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama cha wachuja maudhui wa Afrika, wa Facebook, wa TikTok, na waliofundisha ChatGPT pia.

Meta walijitetea kwamba wao si kampuni ya Kenya, hawawezi kushtakiwa huko. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema wanaweza. Desemba mwaka huohuo ikatoka taarifa ya daktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iliyowasilishwa kwenye kesi: zaidi ya 140 waliopimwa walikutwa na ule ugonjwa wa akili unaowapata watu waliotoka vitani.

Niliposoma hapo nikafunga simu. Nikamkumbuka Jirani na ukimya wake.

Kinara_wa_Gungu

Lakini dada, hao wa Nairobi walidai mishahara na matibabu. Habari za mashoga na vyama vya wafanyakazi zinakutana wapi? Nauliza kwa wema.

BintiUjiji

Swali zuri, nalo nililiuliza. Kisa kilichonijibu ni cha mama mmoja Mmarekani, Lynn Conway. Kaeni vizuri.

Miaka ya 1960 alikuwa kampuni ya kompyuta ya IBM, kwenye mradi wa kutengeneza kompyuta yenye kasi kuliko zote. Alibuni njia ya kuifanya kompyuta itekeleze amri kadhaa kwa mpigo bila kusubiri foleni, hata kama zimekuja nje ya mpangilio. Fikiria mama ntilie mwenye akili: wa chai anapewa chai yake wakati ugali wa mwenzake bado uko jikoni. Wakati huo alikuwa anaishi kama mwanamume, ndivyo alivyoandikwa alipozaliwa. Mwaka 1968 akawaambia wakubwa kwamba anabadilika, ataishi kama mwanamke. Wakamfukuza.

Akaanza upya kutoka chini, jina jipya, kazi za mkataba mdogomdogo, siri imefungwa. Hakuweza kumwambia mwajiri mpya "mimi ndiye niliyebuni kile", maana angetakiwa aeleze kwa nini aliondoka. Mnalisikia hilo? Ueleze vizuri kwa nini umefukuzwa. Nilipofika mstari huo nilimsikia Bosi wetu, kama vile bado niko mlangoni na chupa yangu ya chai.

Miaka ya 1970 akaingia maabara ya Xerox kule California. Yeye na profesa mmoja, Carver Mead, wakatunga njia rahisi ya kuchora chipu, ule ubongo mdogo wa kompyuta, hata mwanafunzi aweze, na mwaka 1978 akaifundisha chuo cha MIT. Ikaenea vyuo vingi na ikabadili namna chipu zinavyobuniwa duniani. IBM walikuja kumwomba radhi mwaka 2020. Miaka 52. Alifariki Juni 2024, ana miaka 86.

Kwa hiyo Kinara, zinakutana hapo. Mtu mwenye siri hawezi kudai. Mwajiri akishajua siri yako haina haja akupige, anakuonyesha tu njia ya kwenda kushtaki.

Mlokole_Halisi

Kisa kizuri, sikatai. Ila hao wana sheria zao. Sisi tuna zetu.

BintiUjiji

Kweli kabisa, na hata hizo zao hazijazeeka. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tarehe 15 Juni 2020, majaji sita kwa watatu, kwamba kumfukuza mtu kazini kwa sababu ni shoga au kabadili jinsia ni ubaguzi wa kijinsia chini ya sheria yao ya 1964. Kabla ya hapo, kwenye majimbo mengi ya kwao unafukuzwa mchana kweupe na huna pa kwenda. Kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeorodhesha mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kubagulia: kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU na mengine. Hili la Jirani halimo, silisemei uongo. Ujauzito umo, na yule dada wa mimba alifukuzwa vilevile.

FundiBanda

Bado nasubiri la gemu. Chaji imebaki asilimia tisa.

BintiUjiji

😂 Haya Fundi, lako hili.

Hizo gemu unazowawekea watoto kuna watu wanaitwa wajaribu. Wanacheza sehemu moja mara elfu moja kutafuta pale mchezaji anapozama ukutani. Mara nyingi ndio wenye mshahara mdogo na mikataba ya muda. Julai 2021 jimbo la California liliishtaki kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa unyanyasaji na ubaguzi dhidi ya wanawake, na wafanyakazi wakatoka nje ya ofisi tarehe 28 Julai. Miongoni mwa waliosimama mbele walikuwamo wanawake na watu wa LGBTQ (mashoga, wasagaji, waliobadili jinsia na wenzao) waliochoka kutaniwa. Desemba mwaka huo studio yao moja, Raven, ikawaachisha wajaribu wapatao kumi na wawili. Wenzao wakagoma. Mei 2022 wakapiga kura ya kuunda chama: 19 walikubali, watatu walikataa. Kikawa chama cha kwanza ndani ya kampuni kubwa ya gemu ya Marekani. Microsoft, waliokuwa njiani kuinunua Activision kwa dola bilioni 68.7, wakasaini makubaliano kwamba hawatawazuia wafanyakazi kujiunga. Januari 2023 wajaribu wapatao 300 wa ZeniMax, ambayo ilishakuwa ya Microsoft, wakapata chama chao.

Watu 22 tu walipiga kura pale Raven, Fundi. Chumba chetu cha Mwanga kilikuwa na 26.

FundiBanda

Kumbe. Wateja wangu ndio wajaribu basi, wananilipa wao. Sijui nani mjinga hapa.

Mkataa_Posho

Na habari je? Usitusahau.

BintiUjiji

Oktoba 2021 wafanyakazi wa Netflix waliobadili jinsia na wenzao walitoka nje kupinga kipindi cha mchekeshaji mmoja kilichowadhihaki, na jinsi wakubwa walivyokitetea. Watu wengi wanalikumbuka hilo kama ugomvi wa vichekesho. Mimi nililiangalia kwa jicho la mkataba: mmoja wa waandaaji alifukuzwa siku chache kabla ya maandamano, kampuni ikisema amevujisha takwimu za ndani. Yeye alikanusha. Aliyekuwa nyuma yake kumtetea ni nani? Wale wa ofisini hawakuwa na chama. Linganisha na waandishi wa filamu na vipindi, wenye chama cha miaka mingi: mwaka 2023 waligoma siku 148, wakarudi na masharti ya akili mnemba yameandikwa kwenye mkataba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaharakati wengi wa huko, wanaoshangilia bendera ya upinde wa mvua, ile ya LGBTQ, kwenye nembo ya kampuni kila Juni. Januari 2025 Meta walibadili kanuni zao, ikaruhusiwa kumwita mtu mgonjwa wa akili kwa sababu ya jinsia yake au anayempenda, na siku hizohizo wakafuta na mipango yao ya ajira kwa makundi yaliyoachwa nyuma. Ilichukua wiki moja hivi. Bendera inashuka kama ilivyopanda. Mkataba uliosainiwa na chama haushuki hivyo, mpaka ukae nacho mezani.

Na wewe Mkataa, wa sauti: waigizaji wa gemu wa Marekani kupitia chama chao cha SAG-AFTRA waligoma kuanzia tarehe 26 Julai 2024, zaidi ya miezi kumi, jambo kubwa likiwa sauti zao kunakiliwa na mashine.

Mkataa_Posho

Hilo limenigusa. Mwaka jana nilirekodi tangazo moja la sabuni, shilingi elfu thelathini. Juzi nimesikia sauti yangu inatangaza mbolea. Sijawahi kutangaza mbolea mimi.

Kinara_wa_Gungu

Sauti imeajiriwa, mwenyewe yuko benchi 😂😂

ReliYaKati

Mkataa, kuna chama cha wafanyakazi wa vyombo vya habari, JOWUTA. Usibaki peke yako huko. Dada, malizia, Jirani alipata hela?

BintiUjiji

Namalizia.

Nilimfuata Jirani kwao. Alikuwa amefunga begi. Nikamwambia twende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akasema hataki kusimama mbele ya mtu akaulizwa sababu. Kwa kufukuzwa una siku 30 tu za kupeleka mgogoro, na zilikuwa zinaisha. Nikarudi nyumbani nimenuna.

Kilichotuokoa ni binamu yangu, karani wa mawakili. Akaniuliza, "Wewe mwenyewe unadai?" Nikasema ndiyo, mwezi mmoja. "Na wengine?" Karibu wote tunadai kitu. Akasema basi acheni habari ya kufukuzwa. Dai la mshahara ni mgogoro mwingine, una siku 60, na fomu haina sehemu ya kuuliza unampenda nani. Andikeni tu mnadai wangapi, miezi mingapi, shilingi ngapi. Jirani mwekeni kwenye orodha kama mtu yeyote.

Bosi alikuwa anatuita watoa huduma, kwamba si waajiriwa. Binamu akacheka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema ukiwa unaelekezwa namna ya kufanya kazi, au umepewa vifaa na mwenye kazi, au umemfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vingine. Saa 45 sisi tulikuwa tunazimaliza kwa wiki.

Kazi ikawa saini. Tulikutana Jumapili nyumbani kwa dada wa mimba, Bangwe, tumekaa kwenye mkeka. Karatasi ikazunguka. Ilipomfikia kaka mmoja akaona jina la Jirani, namba 14, akaiweka chini. Akasema mimi na huyo karatasi moja hapana. Wengine wawili wakamuunga mkono. Kimya kikaingia, unasikia mafuta ya mawese yanavyochemka jikoni.

Aliyevunja kimya ni mtu ambaye sikumtegemea. Yupo mwenzetu tunamwita Ustadhi, swala tano, ndevu, hata mkono hanipi. Akaichukua karatasi akasema: "Alivyo simkubali, na akija nitamwambia. Lakini Mtume kasema mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hakusema muangalie kwanza ni jasho la nani." Akasaini. Mlokole, na kwenu ipo, Yakobo sura ya tano mstari wa nne, ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Nilimwambia yule kaka. Hakusaini hata hivyo, na sikumlaumu sana. Kidogo.

Tukawa 22, na Jirani mwenyewe ndani, tulimpelekea karatasi usiku.

Kwenye usuluhishi Bosi alijaribu kulitoa lile la namba 14. Akaanza, "Huyu aliondoka kwa sababu za..." Msuluhishi akamkatisha, akamuuliza kama siku hizo alifanya kazi au hakufanya. Akasema alifanya. Basi. Wakaandika. Kulipa kwa awamu mbili.

Awamu ya kwanza ilikuja. Ya pili ilichelewa wiki tano na ikaja pungufu: kila mtu kakatwa shilingi 60,000 za intaneti, mpaka leo hatujui intaneti ipi. Tumerudi Tume kwa hizo, na hiyo sehemu haijaisha.

Kuhusu chama, tulijaribu. Kusajili kunataka wafanyakazi wasiopungua 20. Waliosaini madai walikuwa 22, waliokuja kikao cha chama walikuwa 17. Watu wakishapata hela wanakuwa na shughuli nyingi. Sasa tunazungumza na TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, tuone kama watatupokea kama tawi.

Jirani hayupo Kigoma tena. Hela yake nilimtumia kwa simu, akanijibu kwa neno moja la utani ambalo wanawake wa Ujiji tu ndio huitana. Nililisoma mara mbili, nikacheka, nikalia kidogo. Ile mashine sijui ingebonyeza nini.

Mlokole_Halisi

Dada, msimamo wangu kuhusu jambo lenyewe uko palepale. Ila hizo elfu sitini za intaneti ni wizi. Mkirudi Tume mtuambie.

ReliYaKati

Kagoma hajagoma? 👊🏾

Kijana_wa_IT

Nimesoma uzi wote kwa dakika mbili. Hiyo kampuni bado wanaajiri? Nina diploma ya kompyuta, niko Kigoma hapahapa. Naomba namba PM.

BintiUjiji

Wanaajiri kila mwezi mdogo wangu. Ukipewa mkataba, anzia ukurasa wa tatu, kipengele cha 11. Kalamu iache mfukoni kwanza.